Tupeane uzoefu: Tuliojiunga na raga tukiwa wageni Singapore na visiwa vingine vya joto

Winga wa Kushoto

Wakuu, salaam.

Kuna vijana wetu wengi wanaofika Singapore kwa kazi za benki, kompyuta, meli, wengine masomo, wanakaa mwaka mzima wakizunguka ofisini, kwenye treni na chumbani. Wengi wao walicheza raga nyumbani, shuleni au klabuni, lakini wakifika huku wanajiambia kuwa raga ya kisiwani ni ya Wazungu wenye hela. Hilo linaniuma, kwa sababu mimi kiwanja ndicho kilichonipa watu. Naomba tulioingia tusimulie tulivyoingia, kilichotugharimu na tulichopata, ili anayefika leo asianze gizani.

Naanza mwenyewe. Niliandikia klabu moja barua pepe ya mistari minne: nimecheza Nairobi daraja la chini, nina umri huu, nacheza winga, naomba kuja mazoezini. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: njoo Jumanne, lete viatu na chupa kubwa ya maji. Nilipofika, swali la kwanza lilikuwa nacheza namba ngapi. Swali la pili, tukiwa tunavua viatu, lilikuwa natoka wapi. Niliposema Kenya, jamaa aliyekaa kando yangu akacheka kwa furaha akasema, "Nilikuwepo uwanjani 2016."

Kwa wasiojua: Aprili 17, 2016, katika Uwanja wa Taifa pale Kallang, Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba, waliipiga Fiji 30-7 kwenye fainali na kuchukua taji lao la kwanza katika mashindano ya Msururu wa Dunia wa raga ya wachezaji saba. Kocha alikuwa marehemu Benjamin Ayimba, nahodha Andrew Amonde. Fiji hao hao walikwenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki Rio mwezi Agosti. Watu wa raga wa kisiwa hiki hawajaisahau siku ile, na Mkenya ukiingia kiwanjani unakuta heshima ambayo hukuitolea jasho. Itumie.

Ila jasho lenyewe lipo. Sisi wa Nairobi tunadhani mapafu ya mwinuko yatatubeba. Pumzi kweli zinabaki, tatizo ni mwili kushindwa kupoa. Singapore iko zaidi kidogo ya digrii moja kaskazini mwa Ikweta, jua linazama saa moja jioni Januari hadi Desemba, na hata mazoezi ya usiku hewa imejaa maji kiasi kwamba jasho halikauki, linatiririka tu. Wiki za mwanzo nilikuwa natoka kiwanjani kichwa kinagonga. Mwenzetu mmoja alinifundisha kuanza kunywa maji tangu asubuhi ya siku ya mazoezi, na kutia chumvi kidogo. Tangu hapo nilimaliza vipindi vyote nikiwa mzima.

Karibuni.

Binti wa Tanga

Ahsante kwa uzi huu kaka. Mimi sikuwahi kushika mpira wa raga kabla ya kuja huku. Kwetu nilicheza netiboli ya shule, basi. Dada mmoja wa ofisini alinivuta kwenye raga ya kugusa, ile isiyo na kuangushana: wachezaji sita kila upande, mkiguswa mara ya sita mpira unahamia kwa wapinzani. Wanawake na wanaume wanacheza pamoja. Kwa anayeogopa kuumia, au asiyejua kabisa sheria, huo ndio mlango.

Dada zangu wa Kiislamu mtaniuliza mavazi. Nacheza na mikono mirefu, suruali ya kubana chini ya kaptura, na hijabu ya michezo. Wachezaji wa Kimalay wanavaa vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Ramadhani kundi letu lilisogeza saa ya kuanza bila mimi kuomba, kwa sababu tulikuwa zaidi ya mmoja tuliofunga. Nilifika nikakuta tende zimeshafunguliwa kwenye boksi juu ya nyasi, na yule aliyezileta ni Mchina asiyefunga hata siku moja. Nilikuwa mbali na nyumbani, Ramadhani yangu ya kwanza peke yangu, na niseme kweli: nililia kidogo.

Baada ya mchezo watu huenda kula. Mtaa wa Boon Tat, kando ya soko la chakula la Lau Pa Sat, usiku wanafunga barabara wanachoma satei, na moshi wake ni moshi wa mishikaki wa Forodhani kabisa. Angalia tu cheti cha halali kwenye kila kibanda. Na kwenye baa za klabu agiza maji ya ndimu, hakuna anayekulazimisha kitu.

Mgeni Jurong

Swali wakuu. Nina miezi michache hapa, kibali cha kazi. Je, nikiumia mchezoni, mwajiri atanilipia matibabu? Na je, mgeni anaweza kufikia timu ya taifa?

Propu Mstaafu

Mdogo wangu, timu ya taifa kwanza kwa sababu jibu lake ni fupi. Kwa kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, mgeni anaweza kustahiki akishasajiliwa na chama cha raga cha nchi hiyo pekee kwa miezi 60 mfululizo. Zamani ilikuwa miezi 36 ya kuishi nchini. Kwa hiyo kama una miaka 23 na unapanga kukaa, si ndoto.

La mwajiri ndilo la kukaa nalo chini, na naomba kila mtu alisome hili hata kama ataruka mengine yote. Mimi nilivunjika mtulinga kwenye skramu, pale wa mbele wanaposukumana, iliyoporomoka. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia sauti, kisha nikaona mkono hauniitikii. Hospitali za umma za huku ni nzuri mno, lakini ruzuku ni ya raia na wakaazi wa kudumu. Mgeni analipa bei kamili. Sheria inamlazimisha mwajiri kumkatia bima ya matibabu mwenye Work Permit na mwenye S Pass, vibali vya kazi vya ngazi ya chini na ya kati. Mwenye Employment Pass, kibali cha wataalamu, halindwi na sharti hilo, anapewa kile mwajiri anachotaka kumpa. Na bima niliyopewa kazini ilikuwa na kifungu ukurasa wa ndani kabisa kinachotoa nje michezo ya kugongana. Bili ile niliilipa kwa awamu, na ofisi haikuchangia hata senti.

Kwa hiyo kabla hujavaa viatu: omba karatasi nzima ya bima, si muhtasari. Tafuta neno raga au michezo ya kugongana. Uliza klabu kama ada yake ina bima ya wachezaji ndani, na inalipa hadi kiasi gani. Kama hakuna, kata yako binafsi au cheza ya kugusa. Na ukigongwa kichwa ukaona ukungu, toka, hurudi siku ile hata kama kocha ni rafiki yako.

Upande wa pili nao niuseme. Wiki zile mkono mmoja ukiwa kwenye kitambaa, mchezaji mwenzangu wa New Zealand alikuwa anapita kila Jumamosi kuchukua nguo zangu kwenda kufua. Hakuomba ruhusa wala hakuuliza kama nahitaji. Anagonga mlango, anachukua kapu, anaondoka. Ndugu zangu wa damu wasingefanya zaidi ya hapo. Bega limepona, ninapuliza filimbi ya watoto sasa, na yule jamaa ni baba wa ubatizo wa mwanangu.

Mwana wa Makupa

Mimi nitapingana kidogo na Winga. Heshima ya 2016 ipo, lakini pesa nazo zipo. Padang, ile nyasi iliyo mbele ya jumba la zamani la Mahakama Kuu, ina klabu mbili zinazotazamana, moja kila mwisho. Singapore Cricket Club ya 1852 ilikuwa ya Wazungu. Singapore Recreation Club ya 1883 waliianzisha Wayurasia, watu wa damu mchanganyiko. Ubaguzi ule umekufa na leo yeyote anaomba uanachama, lakini ada zake si za kijana wa kibali. Mimi natoka Mombasa, najua klabu zenye historia kama hiyo, na sikutaka kusimama nje ya uzio nikitazama.

Nilichofanya ni kutafuta timu ya wenyeji. Watu hawajui kwamba raga ya Singapore ina mizizi kwenye shule: Raffles, Saint Andrew's, Anglo-Chinese, vijana wanacheza tangu wadogo, na shule zikikutana wazee wanajaa wakiimba. Wakimaliza shule na jeshi, wanaunda timu zao. Huko ada ni ndogo, mazoezi ni makali, na hutakaa ukizungumza na wageni wenzako tu kuhusu kodi ya nyumba. Mimi nilijifunza kuagiza chakula, kupanga foleni, kusema na mama mwenye nyumba, yote kwa wale vijana. Ushauri wangu ni huo: ukiweza kuchagua, chagua timu yenye wenyeji wengi. Timu ya wageni watupu inabadilika kila mikataba inapoisha. Unazoea mtu, mwezi unaofuata yuko Dubai.

Binti wa Tanga

Hapo umesema kweli Mwana wa Makupa. Kundi letu la mwaka juzi limebaki nusu.

Namba Nane Suva

Mimi siko Singapore, niko Fiji kwa mkataba wa kazi, Suva. Naomba nafasi kwa sababu huku mambo ni tofauti kabisa: hakuna cha kujiunga na jumuiya ya raga, nchi nzima ndiyo jumuiya. Noti ya dola saba waliyoitoa 2017 kusherehekea dhahabu ya Rio ina picha ya nahodha Osea Kolinisau. Watoto wanacheza peku, wakikosa mpira wanatumia chupa ya plastiki.

Niliingia kupitia mlinzi wa jengo letu. Aliniona na begi la michezo, akauliza, nikasema Kenya, akataja Collins Injera, mchezaji wa Shujaa, papo hapo. Jumamosi akanipeleka kiwanja cha kijijini kwao. Mvua ya Suva ilikuwa imegeuza kati kuwa matope. Nilizoea raga ya Nairobi: ukikamatwa, unalinda mpira, unalala, unasubiri wenzio. Hawa wakikamatwa mpira unatoka tu, kwa mkono mmoja, nyuma ya mgongo, na kuna mtu tayari hewani anaupokea. Wazee pembeni walikuwa wananipigia kelele nisilale na mpira.

Mchezo ulipokwisha, timu zote mbili zilipiga magoti kwenye matope zikaimba tenzi kwa sauti nne, bila kitabu. Nami Mkatoliki wa Kakamega nikapiga magoti nao.

Jioni ni kava. Unga wa mzizi unakandwa na maji kwenye bakuli la mbao, mnakaa chini kwa duara. Kikombe cha kifuu kikikufikia, piga kofi moja, pokea, kunywa chote kwa mkupuo, rudisha kikombe, piga makofi matatu. Midomo inakufa ganzi kidogo. Mgeni akikaa chini vizuri na kupokea kwa adabu, Jumamosi ijayo wanamtumia mtu kuja kumchukua. Na Jumapili usiombe mchezo. Ni kanisa na chakula cha familia, na utaalikwa huko pia.

Mgeni Jurong

Nimeshukuru sana wakuu. Nimesoma bima yangu usiku huu, kifungu anachosema Propu kimo kweli. Nitaanza na ya kugusa. Viatu vya njumu nilivyokuja navyo kutoka Kampala vinafaa?

Winga wa Kushoto

Njumu za plastiki zilizofinyangwa zinafaa sehemu nyingi, nyasi za huku ni nene na ardhi laini. Kwenye nyasi bandia uliza kwanza, viwanja vingine vinakataza za chuma. Jambo moja la usalama: viwanja vingi vina king'ora cha radi. Kikilia, mchezo unasimama na kila mtu anaingia chini ya paa, hata kama juu yenu jua linawaka. Usibaki kukusanya mipira, radi za alasiri za kisiwa hiki zinaua.

Nitumie ujumbe wa pembeni nikuunganishe na Binti wa Tanga, kundi lao linapokea wapya. Wengine wa Mauritius, Réunion na Zanzibar tunawasubiri, endeleeni hapa chini.