Wanafunzi wa meno na skana ya mdomoni: picha inatoka poa lakini krauni haikai, mnafundishaje?

mwalimu_upperhill
Habarini wadau. Nasimamia wanafunzi wa udaktari wa meno hapa Nairobi, mwaka wa nne na wa tano, na kuna kitu kinanisumbua sana. Skana ya mdomoni, ile kamera inayochukua umbo la meno kwa kompyuta, wanaizoea haraka, muda mfupi tu mtu ashajaza taya lote kwa skrini, rangi safi, hakuna shimo, amefurahi. Halafu kazi ikitoka maabara krauni, ile kofia ya jino, iko juu upande mmoja ama haifungi kwenye ukingo wa jino lililochongwa. Na silikoni, ule mpira wa kuchukulia umbo la meno zamani, kosa ulikuwa unaliona kwa macho, povu hapa, pale imevutika, unamwambia rudia. Saa hii limejificha. Nataka wajue usahihi si kumaliza haraka, na mashine tunayo moja, wanafunzi ni wengi. Nyinyi mnafanyaje?

fundi_wa_ngara
Mwalimu mimi niko maabara, hizo faili ndio kazi yangu kila siku. Kitu cha kwanza nikifungua nazima rangi. Waambie nao wazime, waangalie meno yakiwa ya kijivu, hapo ndio utaona ukingo wa jino lililochongwa umekuwa mviringo badala ya mstari mkali, na jino limeungana na jirani yake pale yanapogusana. Rangi inafunika hayo yote. Halafu programu nyingi zinaziba mashimo zenyewe kwa kukisia, unaona pako sawa kumbe hapo mashine haikupita kabisa.

Ukingo ukiwa chini ya fizi na kuna damu ama mate hakuna skana itauona, mwanga haukati kona. Uzi wa kusukuma fizi kando uwekwe, damu ikome, pakaushwe, ndio kichwa cha mashine kiingie. Na tafadhali wasitume faili wakiandika "fundi malizia ukingo", nikiuchora mimi nakisia tu na atakayeumia ni mgonjwa.

daktari_rongai
Fundi amesema kweli tupu. Mimi naongeza kuhusu njia. Skana inapiga picha ndogo ndogo nyingi na kila moja inaunganishwa na iliyotangulia kwa kufuata sehemu zinazofanana, sasa ni kama kupanga vigae, kila kimoja kikipinda kidogo huoni kitu mpaka ufike mwisho wa ukuta. Ndio maana meno mawili matatu hutoka vizuri na taya zima ndilo hupotoka.

Kwa mashine yangu naanzia gego la nyuma pale pa kutafunia, naenda polepole mpaka gego la upande wa pili, narudi kwa upande wa ulimi, namalizia na shavu. Meno ya mbele ya chini ni membamba na uso wake ni laini bila mabonde, mashine hupotea sana hapo, kwa hivyo naigeuza geuza kidogo ione mbele na nyuma kwa pamoja. Ikipotea mwanafunzi arudi mahali palipokwisha kuskaniwa asubiri ishike, asirukie mbele. Lakini angalieni maelekezo ya kampuni ya mashine yenu maana hazifanani. Taa ya kiti pia izungushwe pembeni, na mmoja ashike shavu na ulimi, mmoja askani.

mwalimu_upperhill
Asanteni sana, hii ya kuzima rangi tunaanza Jumatatu. Sasa alama natoa kwa nini? Nikiangalia kwa macho tu bado tuko palepale.

fundi_wa_ngara
Chukua modeli moja ya plastiki, iskaniwe na skana ya mezani ya maabara, hiyo ndio faili ya kulinganishia. Mwanafunzi askani modeli hiyohiyo ikiwa ndani ya kichwa cha mazoezi, na arudie mara kadhaa, maana kukaribia ukweli ni jambo moja na kupata jibu lilelile kila ukirudia ni jambo lingine, pima yote mawili. Kulinganisha tumia programu ya CloudCompare, ni ya bure na inafungua STL, yaani faili za umbo zinazotoka kwa skana, itakupa ramani ya rangi kuonyesha ni wapi pametoka nje ama pameingia ndani.

daktari_rongai
Hapo mwalimu chunga kitu kimoja! Ukiacha programu ilinganishe taya zima kwa mkupuo inasambaza kosa kila mahali, na mtu aliyepinda ataonekana mzuri. Shikanisha faili mbili kwa magego ya upande mmoja tu, kisha uangalie upande wa pili umeachana kiasi gani. Hata bila kompyuta ya maana inawezekana, weka alama kwa gego la kulia na la kushoto, pima umbali kwa vernia, ile rula ya taya mbili ya kupimia vitu vidogo, kwa modeli yenyewe, halafu pima kwa faili. Mwanafunzi akiona namba yake mwenyewe imeachana na modeli hutahitaji kumwambia apunguze mwendo. Muda ningeutoa kabisa kwenye alama mpaka mwisho wa muhula, wakianza kushindania dakika hakuna atakayekausha mate.

mwaka_wa_tano
Mwalimu naomba pia tuachiwe zile faili zetu mbovu tuzifungue wenyewe pamoja na fundi. Kwetu huwa tunaambiwa tu rudia, hatuonyeshwi ni wapi palipokataa.