Mdukuzi afike hadi mlangoni, au adukue akiwa stesheni?

Mleta mada, Mwanga: Wakuu, meza yetu hapa Kigoma inacheza Cyberpunk RED, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, lile toleo lililotoka mwaka 2020, ila mji tumeuhamishia kwetu, mwaka 2045. Jumamosi nusura tuvunje kikao. Mdukuzi wetu alitaka kuteka kreni za bandarini akiwa amekaa stesheni. Nikamkatalia, kitabu kinataka awe ndani ya mita 6 kutoka kituo cha kuingilia mtandao. Kaniita mkoloni. Mnasemaje?

Ujiji: Mdukuzi gani anabeba deki, kompyuta yake ya kudukulia, hadi kwa mlinzi mwenye bunduki? Siku hizi mtu anakutapeli kwa simu akiwa mkoa mwingine kabisa. Sheria hiyo ifutwe.

Mleta mada: Utapeli wa simu ni wa dunia yetu, mkuu. Humo mchezoni mtandao wa dunia ulishaharibiwa, kila kampuni imejifungia na wake, haugusani na wa jirani. Huingii mpaka ufike. Halafu toleo la zamani mdukuzi alikuwa anazama peke yake, sisi wengine tunabaki kutafuna karanga na kuperuzi simu. Mita 6 zinamlazimisha kutembea na wenzake, risasi zikilia anazisikia.

Gungu: Kwa karanga nakuunga mkono. Ila swali langu, zamu zake mnazihesabuje?

Mleta mada: Yuko daraja la 4 la udukuzi, kwa hiyo ana matendo 3 ya mtandaoni kila zamu. Nenosiri lilikuwa na ugumu wa 8. Karusha dadu la pande kumi, 4. Jumlisha daraja lake, 8. Kashangilia kama kafunga goli.

Gungu: Hajapita huyo! Sare ni ya upande unaolinda, lazima uzidi ule ugumu. Na tendo limeshaliwa, amebaki na 2.

Ujiji: Hilo sibishi. Lakini programu za ulinzi zikinizidi nachomoa waya, natoka nduki.

Gungu: Chomoa tu. Zote ulizokutana nazo bila kuziua zinakupiga papo hapo unapotoka. Ndiyo maana watu huaga kistaarabu.

Ujiji: Bado mita 6 siafiki. Mwenzangu akabandike kifaa ukutani, mimi nibaki kwenye bajaji.

Mleta mada: Bajaji ikipaki ndani ya mita 6, sina neno.

Ujiji: Mkoloni kweli wewe.