Naomba ushauri: naunda ndege ndogo Mtwara, chumvi ya bahari inanitia wasiwasi

Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini, upande wa Shangani. Naunda ndege ya viti viwili, Zenith CH 701, kwa michoro niliyonunua. Mkia umekamilika, sasa naingia kwenye mabawa, na hapa nawahitaji wenye uzoefu.

Bati lake ni alumini ya 6061-T6. Wengi wanaojenga mbali na bahari hupaka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) pale tu mabati yanapolaliana, kwani alumini hii hailiki kirahisi na rangi nayo ni uzito. Lakini huku kusi ikivuma chumvi inafika mpaka karakana. Boliti za kawaida zinaota kutu zikiwa bado kwenye pakiti. Mimi naegemea kupaka ndani kote, maana bawa likishafungwa kwa ribiti huoni tena hali ya mhimili, yaani boriti kuu ya ndani ya bawa. Je, faida inazidi uzito unaoongezeka? Na pale chuma kinapogusana na alumini mnaweka nini katikati? Chumvi na unyevu vikiingia hapo, alumini ndiyo inayoliwa.

Injini bado. Nafikiria Rotax 912 ya farasi 80 kwa kuwa inakubali petroli ya gari. Mwenye nayo pwani, unaitunzaje ikikaa muda bila kuwashwa?

Halafu TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: ningependa mkaguzi aone mabawa yakiwa wazi, kabla sijayafunga. Aliyewahi kusajili ndege ya kujiundia hapa nchini alianzia wapi, na alidaiwa kumbukumbu gani za ujenzi? Mimi napiga picha kila hatua na kuandika daftari.