Mjadala: Watoto wetu wafunzwe kufungua mafaili ya gemu, au tuwakataze?

Asalaam aleikum nduzangu wa Lamu, Shela, Matondoni, na mlioko Malindi. Nina swali ambalo limewagawanya wazazi wa mtaa wetu wa Langoni tangu shule zifungwe.

Mimi hufundisha vijana kompyuta wakati wa likizo. Mashine ni sita, kuukuu zote. Mwaka huu nilipendekeza kwamba wanafunzi wa sekondari wakishajua kuandika barua na kupiga hesabu kwenye jedwali, wajifunze kubadilisha mafaili ya gemu ya Baldur's Gate. Gemu hii ilitoka mwaka 1998, na toleo lake lililoboreshwa likaja 2012. Ni hadithi ya mashujaa, mapanga, majitu na uchawi. Baadhi ya wazazi walikubali. Wengine waliniambia hawakulipa ada ili mtoto aje kucheza. Msimamo wangu ni kwamba lifundishwe, na naeleza kwa nini.

Ndani ya gemu hii kuna majedwali ya maandishi matupu ambayo mtu huyafungua kwa Notepad, programu ya kawaida ya kuandikia. Moja linaitwa XPLEVEL. Linaonyesha shujaa anahitaji pointi ngapi ili apande daraja: askari huanza na 2000, kisha 4000, kisha 8000. Mwanafunzi huitoa nakala ya jedwali kwa programu ya Near Infinity, hubadilisha namba, na huiweka nakala hiyo katika folda iitwayo override. Gemu huisoma folda hiyo kabla ya mafaili yake ya asili. Ukiharibu, unafuta nakala yako na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Sijaona chombo kingine kinachomruhusu mwanafunzi kukosea hivi bila kuniharibia mashine.

Jedwali ninalolipenda zaidi ni THAC0, linalopima uwezo wa kumpiga adui. Askari huanza na 20, na kila anapopanda daraja namba hushuka: 19, 18, 17. Kijana anayetaka kumpa shujaa wake nguvu huongeza namba bila kufikiri, kisha anashangaa upanga haumpati mtu. Hapo ndipo anapolirudia jedwali na kulisoma kwa makini, safu kwa safu, akitafuta maana ya kila namba. Nimefundisha hesabu miaka mingi na utulivu ule sijaupata kwa ubao na chaki.

Mzazi, Mkomani:
Mwalimu, nakuheshimu, na mwanangu anakupenda. Lakini hujaligusa linalonikera. Umesema mwenyewe gemu ina uchawi. Kucheza nimeshamkataza, sasa wewe unataka auandike kwa mkono wake? Na mtoto akishaonja gemu, nani atamwamsha alfajiri? Wewe unakaa naye saa mbili, mimi nakaa naye usiku kucha.

Fundi wa kompyuta, Malindi:
Bi mkubwa hapo juu ana haki, hasa kuhusu usiku. Ila nimeifanya kazi hii na nataka watu wajue ni ngumu kuliko mwalimu alivyoieleza. Maneno yote ya gemu yako katika faili moja, dialog.tlk, na kila sentensi ina namba yake. Silaha haibebi jina lake, hubeba namba ya sentensi. Vijana wawili wakiongeza sentensi kwa mkono, kila mmoja kwake, wote watachukua namba ileile, na ukiziunganisha kazi zao upanga wa mmoja utaitwa kwa jina la kofia ya mwenzake. Ndiyo maana watu hutumia WeiDU. Programu hiyo huongeza sentensi mwishoni na kugawa namba wakati wa kusakinisha, na ukitaka kuitoa kazi yako inairudisha gemu ilivyokuwa.

Halafu kuna jambo litakalowaliza: ukimbadilisha kiumbe wa mahali ambapo umeshafika, huyaoni mabadiliko. Mahali pale pameshahifadhiwa pamoja na safari yako. Inabidi uanze mchezo upya, au urudi kwenye hifadhi ya kabla hujafika pale. Mwalimu, waambie hili siku ya kwanza.

Jambo la mwisho: gemu inunuliwe. Vijana wagawane mabadiliko yao tu, wasigawane mafaili ya mwenye gemu.

Mwanafunzi, Langoni:
Shikamooni. Mimi ni mmoja wa hao wanafunzi. Tunataka kumtia Liyongo, shujaa wa hadithi zetu, ndani ya gemu. Bibi yangu hunisimulia kwamba hakuna kilichomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na gemu ina kinga za namna hiyo, kiumbe silaha za kawaida zisimwingie. Tunataka pia mkate wenye tupa ndani, ule aliopelekewa gerezani, na Saada aliyeupeleka aseme maneno yake kwa Kiswahili. Tumeshaanza kuyaandika daftarini. Maneno ya Saada ndiyo magumu, kwa sababu hatukubaliani aseme Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, au Kiswahili cha shuleni.

Mwalimu tena:
Ahsanteni. Fundi, hilo la namba kugongana nilikuwa nimelipitia juu juu, na nitaanza na WeiDU mapema. Gemu nimeinunua.

Bi wa Mkomani, nakujibu wewe hasa. Ndani ya faili, kile kinachoitwa uchawi ni umbali, muda na kiasi cha madhara, namba tupu. Hata hivyo sitakulazimisha uone hivyo, wewe ndiwe mama yake. Mwanao naweza kumpa kazi ya maneno peke yake: kutafsiri anayosema muuza duka, mwenye nyumba ya wageni, mlinzi wa lango. Hatagusa faili lolote la uchawi. Na gemu haitatoka darasani, hakuna atakayekwenda nayo nyumbani. Lakini nakuomba usimtoe. Ndiye aliyegundua kwamba namba ya askari inashuka, kabla sijawaambia.

Kuhusu Saada, mimi ningependa aseme Kiamu. Bibi wa kijana huyo akikubali kuketi nasi asubuhi moja, atusahihishie.

Mzazi, Mkomani:
Hilo la namba hakuniambia. Jumamosi nitakuja mwenyewe, nikae nyuma nitazame. Nikitoka hapo ndipo nitakujibu.