Simu ya laki tano na sitini inaua programu ya kazi kila nikizima kioo, na jibu nililopewa ni "ndivyo ilivyotengenezwa"

Wakuu, nimevumilia miezi minne, leo nimefika kikomo.

Jina la simu silitaji. Si kwamba naogopa, ila nikilitaja tu uzi huu utageuka Simba na Yanga, na ninachokilalamikia hakitajadiliwa tena. Wenye nayo wataijua wenyewe wakifika katikati.

Mimi ni dereva wa bajaji, naegesha Sinza. Hela yangu nyingi inatoka kwenye programu za kuita usafiri, kwa hiyo simu kwangu ni kitendea kazi sawa na tairi. Hesabu ya tajiri ni ya kila siku, abiria wapatikane wasipatikane. Simu yangu ya zamani ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 3, na hifadhi imejaa hadi nikitaka kupiga picha moja lazima nifute tatu. Nikampa mke wangu, nikadunduliza, mwezi Machi nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na laki tano na sitini taslimu mfukoni.

Dogo wa dukani alinipokea kwa wimbo: "Bro hii ni mashine. RAM 16, kamera 108, betri 5,000, kioo hezi 120, chaji ya moto." Nikaikagua kama ninavyojua. Nikampiga picha, ikatoka safi. Nikapandisha na kushusha kioo, kinateleza kama sabuni. Nikampigia mke wangu, sauti tunasikilizana. Nikabonyeza *#06#, nikatuma IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090, jibu likarudi ni simu halali. Hilo siliruki kamwe, maana TCRA ilipozima simu bandia Juni 2016, jirani yangu alilala na simu akaamka na kioo cha kunyolea ndevu. Risiti ya EFD nikadai, nikapewa kwa kununiwa. Shughuli yote dakika kumi.

Kwa hiyo asije mtu na hoja ya "umeuziwa feki". Si feki, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Feki ningejilaumu mwenyewe.

Wiki ya kwanza nikawa naona kijiwe kimepoa. Nikasema labda ni mwezi wenyewe, watu hawana hela. Lakini mwenzangu tunayeegesha pua kwa pua anaondoka, anarudi, anaondoka tena. Mimi nimekaa. Nikiwasha kioo nifungue programu, inaanza upya kama ndiyo kwanza nimeipakua: nembo, duara linazunguka, ndipo inaniweka hewani. Maana yake muda wote simu ikiwa mfukoni sikuwa hewani. Nilikuwa dereva wa kwenye mawazo yangu tu.

Nikachukua daftari. Mimi na mwenzangu, programu ileile, kijiwe kilekile, saa moja asubuhi hadi saa kumi. Jumatatu yeye rikwesti 14, mimi 6. Jumanne yeye 11, mimi 5. Jumatano nikaamua kioo changu kisizimwe kabisa, kiwake kutwa: yeye 12, mimi 12. Alhamisi nikarudia mtindo wa kuzima kioo na kuiweka mfukoni: yeye 13, mimi 4. Simu yake yeye ni mtumba wa Dubai, nyuma imepasuka kama ramani, aliinunua chini ya nusu ya bei yangu.

Na hiyo Jumatano ya kuwasha kioo kutwa msiione kama dawa. Saa nane mchana betri ilikuwa asilimia 9 na simu unaweza kukaangia yai.

Sasa nieleze kinachotokea, kwa sababu nimelala macho siku kadhaa nikisoma. Android yenyewe ina utaratibu wa kulaza programu ukiweka simu chini, unaitwa Doze, upo tangu Android 6 ya mwaka 2015. Utaratibu huo una akili. Programu inalala, lakini ujumbe wa haraka ukitoka kwenye seva, inaamshwa. Ndiyo maana simu ya mtu aliyelala bado inalia WhatsApp ikipigwa. Tatizo ni baadhi ya watengenezaji, juu ya hapo, kuweka mnyapara wao. Huyu halazi, anachinja. Programu ikishasimamishwa kwa nguvu namna hiyo, hata ujumbe wa haraka haiupati mpaka mwenye simu aifungue kwa mkono. Wanafanya hivyo ili kwenye vipimo vya betri simu ionekane inakaa na chaji siku mbili. Betri inakaa kweli! Hata mlinzi anayelala usingizi hachoki.

Najua mtaniambia niingie kwenye mipangilio. Nimeingia. Programu nimeiondolea vizuizi vya betri. Nimeiruhusu ijiwashe yenyewe. Nimeifunga na kile kikufuli kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa. Nimezima kitu wanachokiita uokoaji mahiri wa nishati. Ikatulia siku tano, nikaanza kuisamehe. Siku ya sita likaja sasisho usiku, asubuhi mipangilio yote imerudi ilivyokuwa, mnyapara yuko kazini. Sasa kila asubuhi kabla ya kukagua mafuta nakagua mipangilio ya simu. Na kwa nini jambo hili limegawanywa kurasa nne tofauti? Mtu asiye mtundu ataligunduaje? Mama wa kuuza samaki anayesubiri oda kwa WhatsApp ataambiwa tu "nilikuandikia hukujibu", ataona biashara imekuwa mbaya.

Kuhusu ile RAM 16. Ni 8. Nane nyingine ni sehemu ya hifadhi, palepale zinapokaa picha na nyimbo zako, imeazimwa ijifanye RAM. Kasi yake haifanani hata kidogo na ya RAM ya kweli. Ni kama mtu akuuzie bajaji ya siti tatu, halafu aandike "siti sita" kwa kuwa wengine watatu wanaweza kuning'inia nyuma. Nimeizima hiyo nyongeza na sijaona tofauti yoyote, isipokuwa nafasi ya kuhifadhi imeongezeka. Na msinitoe kwenye mada: RAM 8 inatosha na inabaki. Programu haifi kwa kukosa nafasi, inauawa.

Chipu sina ugomvi nayo. Kuna watu hapa wataanza kuilaumu kwa mazoea tu. Hizi za bei hii nyingi ni ukoo wa Helio G99, ilitoka 2022, na kwa ramani, WhatsApp na programu ya benki ni nguvu ya kutosha. Kinachochekesha ni ile Helio G100 ya 2024 inayopigiwa ngoma kama kizazi kipya. Viini vyake vya kuchakata ni vilevile vya G99.

Jua. Hili hakuna aliyeniambia, na dukani huwezi kulijua kwa sababu duka la Aggrey halina jua, lina taa. Boksi limeandika hezi 120 kwa herufi za mbele. Niti, yaani kioo kinang'aa kiasi gani, halikuandika popote. Ukiifunga simu kwenye kishikio cha bajaji saa saba mchana, ramani huioni, unaona uso wako mwenyewe unakutazama umekunja ndita. Ukipandisha mwanga hadi mwisho inapata joto, ikipata joto inajipunguzia mwanga ili ipoe. Unachomeka chaji, nayo inasuasua, kwa kuwa betri ya lithiamu ikifika kwenye nyuzi 45 hivi simu inazuia chaji ili isiiharibu. Ile chaji ya moto ya wati 33 ni ya moto usiku, chumbani, feni ikipuliza.

Halafu haina sensa (kihisi) ya dira. Miezi miwili nilikuwa najilaumu kwamba sijui kusoma ramani. Kwenye Google Maps kile kidoti cha bluu kinatakiwa kiwe na mwale unaoonyesha umeelekea wapi. Changu hakina mwale. Nikisimama njia panda simu haijui nimeangalia Mwenge au Ubungo, mpaka niondoke kwanza, na nikishaondoka upande mbaya ndipo inaniambia geuka. Abiria anakuwa ameshaanza kuguna. Kwenye ule ukurasa wa sifa zake, sensa zimeandikwa kwa herufi za chungu, na dira kweli haimo. Hawakudanganya. Waliandika sifa kubwakubwa wakainyamazia moja niliyoihitaji.

Kamera siipotezei muda. Inaunganisha vidoti tisa kuwa kimoja, picha inatoka megapikseli 12, si dhambi. Jicho la pili la megapikseli 2 ni kishikizo cha mapambo.

Sasa mje kituo cha huduma, kwa sababu nilienda na waranti yangu ya miezi 12 mkononi na risiti. Dada wa mapokezi alikuwa mstaarabu, simlaumu. Simu ikakaa siku tisa. Siku tisa mimi natembea na kiswaswadu, napigiwa na wateja wangu wa kudumu tu, na deni la tajiri linapanda. Kuifuata, nikakuta wameifuta kila kitu, meseji za WhatsApp zimekwenda, na karatasi imeandikwa "kifaa kipo sawa".

Nikauliza mmeipimaje. Fundi akanijibu bila wasiwasi: tumewasha kamera, tumepiga simu, tumeangalia kioo, tumechaji.

Wakuu, hivyo ndivyo nilivyoipima mimi dukani! Dakika kumi zilezile. Nikamwomba tuiweke programu hewani, tuzime kioo, tukae nusu saa tuone. Akacheka, akasema ana simu arobaini mezani. Nilipomwonyesha daftari akalisoma vizuri, akashusha sauti: "Kaka, hii si kasoro. Ndivyo ilivyotengenezwa, itunze chaji. Waranti haiwezi kugusa." Yaani ingekuwa imeharibika kwa bahati mbaya ningetengenezewa. Kwa kuwa imeharibiwa kwa makusudi kiwandani, nakula hasara mwenyewe.

Hata wale wa kwenye video za kufungua maboksi nao ni dakika kumi hizohizo. Mtu kakaa kwenye kiyoyozi, anasifia boksi limekuja na kava. Nimetazama video saba za simu hii. Hakuna hata mmoja aliyeitia mfukoni akaenda kazini.

Na msiniambie haiwezekani kuandika ukweli kwenye boksi. Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 simu zinazouzwa huko lazima ziwe na lebo: betri inakaa muda gani, simu inahimili kuanguka kiasi gani, inatengenezeka kwa urahisi gani. Betri yenyewe inatakiwa ibaki na walau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Masasisho hayohayo tunayopewa kwa hisani, Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024, simu ya watu wa kawaida kabisa, ilitangaza miaka sita. Yangu ya laki tano na sitini kiraka chake cha usalama ni cha miezi saba iliyopita. Sasisho lililokuja lilikuja kurudisha mipangilio tu.

NYONGEZA, saa tatu usiku: nimesoma majibu. Mnaosema "ungenunua iPhone mtumba": betri yake mtanichajia nyinyi kijiweni? Mnaosema niiuze: nimeipeleka Aggrey leo, nimepewa bei ya laki mbili na themanini, na dogo ni yuleyule, sasa anasema "bro hizi hazitoki sana". Aliyeniandikia pembeni nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani, asante mkuu, daftari ninalo na risiti ninayo, nitakwenda Jumatatu.

Ninachoomba kwenye uzi huu ni kitu kimoja. Wewe mwenye simu ya kati ya laki nne na laki sita, usinitajie RAM wala kamera. Weka programu yako ya kazi hewani, zima kioo, iache mezani saa nzima, usiiguse. Baada ya hapo fungua: imekuendea palepale ulipoiacha, au imeanza upya na nembo? Andika aina ya simu na jibu. Madereva wenzangu, wa bodaboda, wauza chakula wa oda, mafundi mnaoitwa kwa simu, nyinyi hasa.

Naanza mimi. Yangu: nembo. Hii ninayoandikia sasa hivi, ile yangu ya zamani ya GB 3 niliyompa mke wangu: palepale.