Kukaza sheria za madawa ya kulevya: tunasaidika au tunazidi kuumia?

kaka_mtu
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu wa kiume anatumia unga, miaka mingi sasa, alishikwa na kete mbili mfukoni za kuvuta mwenyewe akahukumiwa na yuko ndani mpaka leo. Aliyekuwa anamuuzia anajulikana na kila mtu na yupo tu anatembea. Mama anasema bora jela, walau huko atapumzika na ule uchafu, mimi nikimtembelea naona kijana anakonda na anajifunza mambo mengine kabisa, na akitoka ana rekodi, nani atampa kazi? Ila nikikumbuka kuna watu wanawauzia watoto wa shule nasema sheria ikazwe hata mara mia. Kwa hiyo niko katikati. Serikali ikikaza mkono kwenye madawa, jamii inasaidika kweli au tunaumizana tu? Anatoka mwezi ujao, ndo maana nauliza.

Mstaafu
Pole sana kijana wangu. Mimi nipo upande wa kukaza na sioni haya kusema. Watu wanapenda kusema ukali haufanyi kazi, si kweli, Taliban wanaotawala Afghanistan walipiga marufuku kilimo cha mipopi, mmea unaotoa afyuni inayotengenezewa heroini, Aprili 2022 na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa wenyewe wakasema mashamba yamepungua kwa asilimia 95. Na upande wa pili angalieni jimbo la Oregon kule Marekani, walipiga kura 2020 mtu akikutwa na kiasi kidogo asifungwe, apigwe faini tu kama ya trafiki na apewe namba ya simu ya kuomba msaada, watu wakawa wanatumia hadharani mitaani, wengi hiyo simu hawakupiga, na 2024 jimbo likairudisha kuwa kosa la jinai. Sheria ikilegea anayeumia ni mtoto ambaye hajaanza bado. Huyo nani anamsemea?

bint_sheria
Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya Afghanistan ni kweli ila malizia, wakulima walibaki hawana kitu na mwaka huohuo wa 2023 Myanmar ikapanda kuwa namba moja kwa kuzalisha afyuni duniani. Soko halikufa, lilihama. Halafu kuna hili watu hawaliangalii kabisa, ukibana sana msafirishaji anatafuta mzigo mdogo wenye nguvu kubwa maana ndo rahisi kuficha, Marekani walipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933 magendo yakaegemea pombe kali kuliko bia, na siku hizi hukohuko heroini imepisha fentanili, dawa ya kutengenezwa maabara ambayo ina nguvu kama mara 50 zaidi, kiasi kidogo tu kinaua mtu. Na kule Ufilipino kuanzia 2016, polisi kwa hesabu zao wenyewe waliua zaidi ya watu 6,000 kwenye oparesheni za madawa, wengi ni maskini wa mitaani, na Duterte, aliyekuwa rais wao wakati huo, alikamatwa Machi 2025 akapelekwa The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Oregon nakubaliana na wewe ilifeli, lakini ilifeli kwa sababu waliondoa adhabu kabla huduma za matibabu hazijasimama. Ureno walianza 2001 na hawakuhalalisha, watu wanakosea sana hapa, kuuza bado ni jela, ila ukikutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 unapelekwa mbele ya kamati yenye watu wa afya, ustawi wa jamii na sheria, na tiba ipo inakusubiri. Kwa hiyo mimi ukali siupingi, nauliza unampiga nani. Kumfunga mwenye kete mbili wakati papa yuko nje si ukali wa sheria, ni uonevu.

Nesi wa zamu
Mimi niongee ninachokiona kazini. Kijana anashushwa getini usiku na wenzake halafu wanakimbia, hawasemi ametumia nini wala saa ngapi, wanaogopa kuunganishwa kwenye kesi. Midomo imegeuka bluu, mboni za macho ni vitundu vya sindano, anavuta pumzi moja unasubiri nyingine haiji. Ukiwahi na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini, anaamka palepale, ukichelewa ndo basi. Hizo dakika zinapotea kwa woga wa polisi, na mimi hilo linaniuma kuliko chochote kwenye hii kazi. Woga huohuo unawafanya wachangie sindano mafichoni, kisha tunawapokea na ukimwi na homa ya ini C.

kaka_mtu soma hapa vizuri, na mwambie mama. Akikaa ndani bila kutumia mwili unasahau ile dozi, siku anatoka akivuta au kujidunga kiasi kilekile cha zamani kinamuua, wiki mbili za kwanza ndo hatari kuliko zote. Jela haikumtibu, imempumzisha tu.

Mstaafu
Hilo la wiki mbili sikulijua mwanangu. Wauzaji bado nasema wafungwe, tena miaka mingi. Ila huyu kijana apelekwe hospitali.

kaka_mtu
Asanteni sana wote, mzee nashukuru. Dada nesi, sasa siku anatoka nifanye nini hasa? Akipata arosto, yale mateso ya kukosa unga, mimi nitamweza?

Nesi wa zamu
Usisubiri atoke, nenda sasa hivi uulize kliniki ya methadoni kama kuna karibu yenu, na uulize gerezani kama anaweza kuanzishiwa humohumo, baadhi ya nchi zinafanya. Methadoni ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, wanaanza na dozi ndogo wanapanda taratibu, arosto inatulia na anaweza kwenda kazini kama watu wengine. Siku ya kutoka kampokee mwenyewe getini, asirudi kwa wale rafiki zake hata kusalimia. Ulizia naloksoni ikae nyumbani na mfundishwe wote kuitumia, mama pia. Na akiteleza msimfukuze wala asijifungie chumbani peke yake, mlango uwe wazi. Ukimkuta hapumui vizuri mpe naloksoni, piga simu ya dharura papohapo, mpulizie pumzi mdomoni mpaka wafike, na waambie ukweli ametumia nini.