Tochi ya SureFire 6P: LED ya shilingi 900 na ya 3,800, tofauti ni nini hasa?

dau_la_tudor
Asalaam aleikum jamaa. Nna tochi ya SureFire 6P, aliniachia ami yangu alokuwa baharia, bodi nzima kabisa ila ile globu yake ya P60 imekufa, na hata ilipokuwa nzima ilitumia betri mbili za CR123A ambazo ukizitafuta hapa mjini wazunguka kutoka Digo Road mpaka Mwembe Tayari na ukizipata bei yaumiza, halafu zadumu kama saa moja basi. Sasa nataka kutoa globu nitie moduli ya LED, yaani kipande kizima chenye taa na saketi yake. Nimepata mbili. Ya kwanza duka moja karibu na Marikiti wataka shilingi 900, imeandikwa XM-L T6 (aina ya LED), lumeni 1800 (kipimo cha mwanga), modi 5, yaani namna tano za kuwaka. Ya pili kuna kijana huagiza nje, yeye ataka 3,800, ni XM-L2, modi 3, lakini mwenyewe asema lumeni 700 tu. Mbona ya ghali ndo ina mwanga mdogo? Nataka ya kuendea kamba usiku hapa Tudor, mara nyengine tuko majini masaa manne matano. Sitaki kununua mara mbili.

fundi_makupa
Waaleikum salaam. Ndugu hiyo 1800 usiitazame. XM-L T6 ukiisukuma ampea 3, na hapo ndo mwisho wake kiwandani, yatoa kama lumeni 900 kwenye LED yenyewe, bado kioo na rifleka (kile kikombe cha kurudisha mwanga) hazijala zao. Aliyekwambia 700 amekwambia ukweli, na mie kwa hilo tu ningeanza kumuamini.

Nafungua hivi vitu kila wiki. Pesa yako haiendi kwenye LED sana, yaenda nyuma, kwenye draiva (saketi ya kudhibiti umeme) na kwenye njia ya joto. Zile rahisi ukifungua wakuta LED imekaa juu ya kipande chembamba cha alminiamu, chini hakuna pasta ya kupitisha joto, mara nyengine waona mpaka uwazi, sasa joto lipite wapi? Dukani ukiiwasha yang'aa vizuri sana kwa sababu hapo ni dakika moja mbili, ukifika dakika ya kumi mwanga umeshuka na umegeuka bluu. Nishaletewa moja solda ya ndani imeachia waya kwa moto. Nzuri, LED imekaa juu ya kitako kizima cha shaba.

Lakini kubwa kuliko bei ni VOLTI. CR123A mbili ni volti 6. Moduli nyingi za modi 3 na 5 ni za betri moja ya lithiamu ya kuchaji, mwisho volti 4.2, ukizitia 6 waichoma hapo hapo. Uliza kabla hujatoa pesa. Na usinunue betri ya saizi ya 18650, kwenye 6P ya asili haiingii mpaka bodi ichongwe ndani kwa mashine. Bila kuchonga tafuta 16650 au 17670, moja tu.

askari_bamburi
Mie niko zamu ya usiku na nnayo ya bei ya chini mwaka wa pili haijanisumbua, kwa hivyo tusimtishe mwenzetu. Nliifunga foili ya jikoni raundi kadhaa mpaka ikaingia kwa kubana ndani ya bodi, joto likaanza kutoka, sasa tochi yapata moto mkononi na hivyo ndo yatakiwa. Na siwashi ile kali ila nikisikia kitu. Kinachonikera ni modi 5, wataka mwanga mdogo lazima upitie ile ya kupepesa na ile ya SOS (ishara ya kuomba msaada), usiku wa manane yakupiga machoni wewe mwenyewe. Modi 3 bila kupepesa, hapo hata mie ningeongeza pesa.

dau_la_tudor
Shukran nyote. Hiyo foili na maji ya chumvi je?

fundi_makupa
Hapo ndo waende polepole. Foili ni alminiamu, na shaba na alminiamu zikigusana halafu chumvi ipate kuingia, alminiamu yaliwa. Askari yuko nchi kavu, wewe uko majini. Kwanza badilisha zile raba za duara za kichwa na kitako, zipake grisi ya silikoni, ndo ufunge foili.

binti_kongowea
Mbona hamna aliyetaja rangi? Sisi nyumbani twaenda kamba pia, na mwanga mweupe wa bluu, zile za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikishuka mwanga wawa wa manjano zaidi), ukipiga majini wakurudia usoni, waona ukungu mtupu. Tulipobadilisha tukatia ya 4500K hivi, macho ya kamba yakawa yaonekana mekundu wazi kabisa na lumeni ni chache kuliko za kwanza. Jicho halihesabu lumeni vile wadhani, 350 na 700 ukiziweka pamoja utaona tofauti ndogo tu. Na piga hesabu ya betri kaka, 16650 nzuri ni 2500mAh, yaani yatoa ampea 2.5 kwa saa moja, moduli ikila ampea 2.8 hata saa moja haimalizi. Kwenye modi ya kati ikila ampea moja wapata masaa mawili na nusu. Kwa hivyo betri mbili, moja kavu mfukoni. Mie ningechukua ya 3,800 ikiwa ana rangi hiyo, kama hana mwambie aagize usubiri.

dau_la_tudor
Nimempigia sasa hivi, volti ni 2.7 mpaka 4.2, rangi asema anazo zote mbili. Nachukua ya 4500K. Fundi, waweza kuipima kama kweli yakula hizo ampea?

fundi_makupa
Lete. Natoa kifuniko cha nyuma naweka mita kati ya betri na bodi, sekunde chache tu. Ikisoma 2.5 kwenda juu amekuuzia kweli, ikisoma 1.4 mrudishie. Ila uje na betri imejaa chaji, ikiwa nusu kipimo hakitakuwa sawa. Niko mpaka saa kumi.